Fundi Asiyekimbilia Msumeno

Uyoga ukijitokeza shinani mwa mwembe mkongwe, wenye nyumba huwa wameshakata shauri kabla fundi hajafika. Mti umeoza, uangushwe, usije ukatuua usiku. Hofu hiyo si ya kubeza. Tawi kuu la mwembe uliopandwa na babu wa babu ni zito kuliko gari dogo, na bati halijawahi kushindana nalo. Ila fundi anayeijua kazi yake akishuka kwenye pikipiki, msumeno hubaki ndani ya gunia. Huuzunguka mti polepole, akavuka barabara kuutazama kichwa chake kutoka mbali, akarudi, akachutama kwenye mizizi. Mwenye nyumba huanza kukosa subira. Kwa macho yake kazi haijaanza. Kumbe nusu yake imeshakwisha.

Nimewafuata mafundi wa namna hii mjini Tanga na kule Amani, juu ya Muheza, kwa sababu moja tu: napenda kumwangalia mtu anayejua anachokiangalia. Ni wachache. Mwenye panga na kamba yeyote anaweza kuwa mkata miti, na kila mtaa unao wake. Mpogoaji ni mtu mwingine kabisa.

Ule upande wa pili wa barabara una maana yake. Kutoka pale huonekana kisichoonekana ukiwa chini ya mti: majani ya kileleni yamekuwa madogo na haba, upande mmoja umepukutika nje ya majira, na zaidi ya yote, mti umeinama tangu lini. Mti ulioinama zamani huwa umekigeuza kilele chake kikaelekea juu tena. Umezoea, na unaweza kukaa hivyo miaka mingine 50. Ulioinama juzi umelala wote kwa mstari mmoja, na udongo wa upande wa nyuma umepasuka. Huo hauna mjadala. Watu waondolewe chini yake leo hii.

Kisha ndipo huja swali la uyoga wenyewe: ni upi? Wengi wetu tunaujua uyoga wa mboga, kama ule wa kichuguu ambao mchwa huulima wenyewe ardhini na ambao wakati wa mvua huuzwa kando ya barabara za Iringa. Wakulima wa korosho wa Mtwara wanaijua kuvu nyingine, ubwiriunga, wanayopambana nayo kwa salfa kila msimu. Zote mbili hazimhusu fundi wetu. Zake ni kuvu zinazokula mbao ndani ya mti ulio hai, zikitoa nje, mara moja moja, kitu kigumu, mara nyingi kisichopikika.

Nimemwona akisimama muda mrefu mbele ya uyoga mdogo mweupe, wa upana wa vidole viwili, wenye manyoya juu na mikunjo iliyopasuka chini. Wataalamu huuita Schizophyllum commune, na umeenea karibu dunia nzima. Jua likiwaka hujikunja ukakauka kabisa. Mvua ya usiku mmoja ikinyesha hufunguka na kuendelea na shughuli zake. Kwa mpita njia ni uchafu tu wa gome. Kwa fundi ni taarifa kuhusu mtu aliyepita hapo kabla yake. Huota sana juu ya gome lililounguzwa na jua, na gome la mwembe haliungui bila sababu: mtu alikuja akaufungua mti ghafla, akaondoa matawi yaliyokuwa yakilitia kivuli kwa miongo mingi, na jua la saa nane mchana likapiga mahali pasipowahi kupigwa. Fundi hugusa, hubonyeza, kisha hutazama juu kutafuta majeraha ya msumeno wa zamani. Mara nyingi huyapata.

Uyoga mwekundu wa rangi ya chungwa, Pycnoporus, haumsumbui sana. Huota juu ya kuni zilizokufa, na ujumbe wake ni mfupi: tawi hili si lako tena. Linalobaki ni kujua chini yake pana nini. Pakiwa na nyasi, tawi linaweza kungoja. Pakiwa na kibanda cha chipsi, lishushwe.

Wa kumkunjisha uso ni ule wa chini kabisa, pale shina linapokutana na udongo. Ganoderma hutoka ubavuni mwa mti ukiwa bapa, mgumu, wa kahawia. Aina nyingine hung'aa juu utadhani umepakwa vanishi, nyingine hufunikwa na vumbi laini la kahawia ambalo ni mbegu zake zenyewe, zinazotoka kwa mabilioni. Fundi hukwaruza upande wa chini kwa ukucha. Mweupe ukigeuka kahawia palepale, na ukingo ukiwa bado mweupe, basi uyoga uko hai na unakula. Na unakula mahali pabaya, kwa kuwa shina la chini na mizizi mikubwa ndiko upepo wa kusi unakomalizia nguvu zake zote. Mivinje ya ufukweni ni miongoni mwa miti inayojulikana kuangamizwa na jamii hii.

Wapo wanaoupiga uyoga huo teke ukadondoka, wakaondoka wameridhika. Ni kuangua embe ukadhani umeung'oa mwembe. Kinachoonekana nje ni tunda tu. Kuvu yenyewe ni nyuzi nyembamba zilizosambaa ndani ya mbao, pengine kwa miaka mingi kabla ya tunda la kwanza. Fundi huuacha mahali pake makusudi, kwa sababu mwakani atataka kujua kama umeongezeka, na kama umepata ndugu upande wa pili wa shina.

Elimu hii si ya zamani sana. Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya waliamini kwamba uyoga huzaliwa na uozo, yaani mbao huoza kwanza kisha uozo ukatoa uyoga. Robert Hartig, Mjerumani mtaalamu wa misitu, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1870 kwamba mambo yako kinyume: kuvu huingia kwanza, na uozo ni kazi yake. Lakini Hartig aliutazama zaidi mshambuliaji. Ilibidi karne moja ipite kabla ya mtu kumtazama kwa makini anayeshambuliwa.

Mtu huyo alikuwa Alex Shigo, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1930 na kuajiriwa na Idara ya Misitu ya nchi yake mwaka 1959. Wenzake walizoea kuukata mti kwa upana na kuangalia duara. Shigo alichukua msumeno wa mnyororo akaipasua miti kwa urefu, kutoka mizizi hadi matawi, maelfu kwa maelfu. Hesabu inayotajwa ni zaidi ya miti 15,000. Napenda ukaidi wa namna hiyo. Alichokiona ni kwamba uozo hauzururi ovyo ndani ya mti. Una mipaka, na mipaka hiyo imejengwa na mti wenyewe.

Mwaka 1977, akiwa na Harold Marx, alichapisha maelezo ya kuta nne. Binadamu akikatwa, nyama mpya huchukua nafasi ya iliyoharibika. Mti hauna uwezo huo. Mbao iliyojeruhiwa hubaki na jeraha lake mpaka mwisho wa uhai wa mti. Unachoweza ni kuifungia. Ukuta wa kwanza huziba mishipa ya maji juu na chini ya jeraha, nao ni dhaifu kuliko zote, ndiyo maana uozo hupanda na kushuka upesi kuliko unavyotambaa pembeni. Wa pili huzuia njia ya kuelekea kiini. Wa tatu huzuia pembeni, kulizunguka shina. Wa nne haukuwapo siku ya jeraha: mti huujenga baadaye, chini ya gome, ukitenganisha mbao zote zilizokuwapo siku ile na mbao zitakazozaliwa kuanzia kesho yake. Huu ndio imara kuliko zote.

Hapo kuna jambo lililonifanya niitazame upya miti yote ya utotoni mwangu. Ikiwa ukuta wa nne unashika, uozo hauvuki kwenda kwenye mbao mpya. Kwa hiyo upana wa mvungu ndani ya mti mkubwa mara nyingi hukaribia unene wa mti wenyewe siku ulipojeruhiwa. Mwembe wenye mvungu wa kuingia mtoto wa miaka kumi unaweza kuwa unaeleza habari ya shoka, moto au tawi lililochanika wakati shina lilikuwa na unene huo tu. Tangu hapo umevaa mbao safi kwa nje, mwaka baada ya mwaka, huku ndani kukiliwa.

Ndiyo sababu fundi hashtuki kwa mti kuwa na uwazi. Hutoa nyundo ya mbao akaanza kugonga kuanzia usawa wa goti, akipanda kwa kiganja kimoja kimoja, sikio karibu na gome. Mbao nzima hujibu kwa mlio mfupi, mkavu. Penye uwazi sauti hushuka na kubaki kidogo. Hugonga kulizunguka shina lote na kuweka alama ya chaki pale sauti inapobadilika, mpaka ramani ya mvungu ikaonekana nje ya mti. Palipo na tundu huingiza waya na kupima unene wa ukuta uliobaki. Claus Mattheck wa Karlsruhe, Ujerumani, alipendekeza katika miaka ya 1990 kwamba shina lenye ukuta mzima usiopungua karibu theluthi ya nusu-kipenyo chake kwa kawaida linasimama: shina lenye nusu-kipenyo cha sentimita 50 huhitaji ukuta wa sentimita 15 au 16. Wataalamu wamebishana sana juu ya kipimo hicho, na wana haki, kwa kuwa mvungu uliopasuka upande mmoja ni habari nyingine, na mti wenye kichwa kidogo hauhitaji shina la mti wenye kichwa kikubwa. Ila Mattheck alisisitiza jambo lingine ambalo fundi wa Tanga analijua bila kumsoma: mti huongeza mbao pale unapoelemewa. Uvimbe kando ya mvungu si ugonjwa. Ni mti uliosikia udhaifu wake ukajitilia nguzo.

Mbuyu hauingii katika hesabu hizi. Mbao zake ni laini na zimejaa maji, gome lake likichunwa kwa ajili ya kamba huota tena, na mivungu yake mingine si ya kuoza hata kidogo. Ni nafasi iliyobaki katikati ya mashina kadhaa yaliyoungana, yenye gome hadi ndani. Anayekwenda kupima mbuyu kwa kanuni za mwembe apumzike kwanza.

Baada ya nyundo fundi huuliza maswali, na maswali yake huwashangaza watu kwa kuwa hayahusu mti. Ukuta huu umejengwa lini? Bomba la maji limepita wapi? Jirani alikuwa na mti hapa? Mti uliosimama mbele ya kusi kwa miaka 80 umeshafanya mtihani wake. Anachotaka kujua ni nini kilichobadilika. Mtaro uliochimbwa mita moja kutoka shinani hukata mizizi mikubwa kwa asubuhi moja, na majani hubaki ya kijani kwa muda mrefu baada ya hapo. Uyoga wa shinani huja kutangaza habari iliyokwisha sahaulika. Nairobi, mwezi Novemba 2020, ilishangilia pale mkuyu mkongwe wa Waiyaki Way, Westlands, uliokuwa uondolewe kupisha barabara ya mwendokasi, ulipookolewa kwa amri ya rais. Nami nilifurahi. Kila nisomapo habari za namna hiyo, fikra zangu huenda chini ya lami, kwenye mizizi ambayo amri haiifikii.

Kwenye mizizi ndiko ziliko kuvu zinazotakiwa kuogopwa kwa dhati. Katika nyanda za juu, Armillaria huishi ndani ya visiki vya msitu uliofyekwa na kutambaa kwenye mizizi hadi kwenye michai. Ukibandua gome la chini unakuta utando mweupe. Miaka ya 1930, huko Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, mtafiti R. Leach alipata dawa isiyo na dawa. Kabla ya kuangusha miti ya msitu, aliichuna gome kwa mzunguko na kuiacha imesimama. Majani hayakuweza tena kupeleka chakula chini, mizizi ikatumia akiba yake yote ya wanga mpaka ikaisha, na mti ulipokuja kukatwa kuvu hiyo ilikuta kisiki kisicho na chakula chake. Ilihitaji kungoja. Kwa mtu wa shamba mwenye haraka ya kupanda chai, nadhani huo ndio ulikuwa ugumu wake pekee.

Msumeno sasa unaweza kutoka kwenye gunia. Kwa mwembe huwa ni baada ya mavuno, matunda yakiwa yameshaondoka, na fundi huvaa mikono mirefu hata kwenye joto la kaskazi kwa sababu utomvu wake huunguza ngozi. Hupanda kwa kamba, akakaa, akatafuta mahali ambapo tawi linaungana na shina. Pale pana uvimbe, mkunjo mdogo wa gome unaolizunguka tawi. Shigo alitumia miaka mingi kuwashawishi watu wauheshimu mkunjo huo, maana ndani yake ndimo mti unamojengea ukuta wa kuzuia kuvu isiingie shinani. Ukatapo nje yake kidogo tu, kovu hujifunga kwa duara. Ukikata kwa kulisawazisha na shina, kama ilivyokuwa ikifundishwa kuwa ndiyo usafi wa kazi, umeubomoa ukuta kabla haujajengwa. Ukiacha kigutu kirefu, umeikaribisha kuvu mezani.

Mikato ni mitatu. Wa kwanza ni wa chini, kiasi cha sentimita 30 kutoka shinani, usiofika katikati. Wa pili ni wa juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na tawi huanguka bila kuchana gome la shina. Wa tatu ni mfupi na wa taratibu, kando ya mkunjo, na hapo ndipo fundi huuzima msumeno wa mashine akamalizia kwa ule wa mkono. Sijawahi kumwona fundi mzuri akizungumza wakati wa mkato wa tatu.

Halafu hapaki kitu. Jambo hili huwakera wenye nyumba kuliko yote, kwa kuwa wameshaandaa kopo la oili chafu. Utafiti wa Shigo na wenzake haukuona lami wala rangi za kupaka majeraha zikizuia uozo. Mti uliopogolewa vizuri unajitosheleza, na uliopogolewa vibaya hauokolewi na oili. (Ile chokaa nyeupe ya mashina ya barabarani wakati wa sherehe haina dhambi. Ni urembo.)

Dhambi kubwa ni kukata kichwa. Mti uliokatwa matawi yote makuu kwa usawa mmoja, kwa ajili ya nyaya au kwa hofu tu, hupoteza jiko lake la chakula siku moja na kuachiwa majeraha makubwa usiyoweza kuyafunga. Tawi likizidi sentimita 10 hivi, kovu huchukua muda mrefu kuliko kuvu inavyohitaji. Kisha hutoa machipukizi mengi ya haraka, yaliyojishikiza pembeni mwa kigutu kinachooza. Baada ya miaka michache mti ni mrefu kama zamani na ni hatari kuliko zamani. Mjohoro na mwarobaini huvumilia hata hayo. Mvinje mkubwa ukikatwa hivyo, mara nyingi hauchipui tena.

Kwa mkongwe fundi hufanya kinyume: huondoa kidogo kwenye ncha, matawi membamba, asivuke robo ya majani, akaondoka kwa miaka kadhaa. Mti mzee hujipunguza wenyewe. Kilele hufa kidogo kidogo na kichwa kipya, kifupi, hujengeka chini yake. Waingereza wenye mialoni ya mamia ya miaka katika bustani ya Windsor wamejifunza kuigiza mwendo huo kwa msumeno. Upepo hupata pa kushika padogo zaidi, na mvungu uleule uliokuwa tishio sasa unabeba mzigo unaouweza.

Na mvungu una wenyewe. Amani, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902, hondohondo huhitaji miti mikubwa yenye matundu, kwani jike hujifungia ndani na kuziba mlango, akibakiza ufa wa kulishwa na dume. Komba, bundi na nyuki nao hawajichimbii matundu katika mbao ngumu. Wanangoja kuvu iwatangulie. Fundi mmoja wa huko, kabla ya kupanda, huugonga mti mara tatu akasubiri nani atatoka.

Kazi hii ina shida ya malipo. Mjini Tanga wakata miti wengi hupewa kuni kama sehemu ya ujira, kwa hiyo mwenye kukata zaidi hupata zaidi, na uyoga wa shinani ni habari njema kwao. Fundi ninayemsifu amekataa utaratibu huo. Anatoza siku yake, basi. Nilikuwapo Ngamiani alipomaliza kuuchunguza mwembe wa mama mmoja, akamwambia uko salama, utolewe tawi moja lililokufa, mengine yaachwe, naye atarudi kuutazama baada ya masika.

"Yaani fundi, kuangalia tu ndiyo elfu sitini?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukiukata wote?"

"Ni hiyohiyo, mama."

Mama akacheka, akaingia ndani kutafuta pesa.